Lori la Waya: Kwa Nini Watu Wazima Hukusanya Vichezeo vya Utotoni

Hotuba iliyotolewa Tanga mbele ya walimu wastaafu, wazazi na vijana

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliokaa kwenye mkeka kwa sababu viti havikutosha: wakubwa wangu nawapa shikamoo, na wote nawasalimu kwa amani. Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulifanya kimya kimya, mlango ukiwa umefungwa, kana kwamba ni aibu.

Mezani mbele yangu nimeweka lori. Waliokaa nyuma huenda hawalioni vizuri, kwa hiyo nitalieleza. Urefu wake ni kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Mwili wake wote ni waya wa seng'enge ulionyooshwa kwa kugongwagongwa juu ya jiwe. Magurudumu yake ni soli ya kandambili iliyokatwa mviringo, na usukani wake umeungwa na ekseli ya mbele kwa fimbo ndefu inayomfikia kifuani mtoto wa miaka tisa, ili aliendeshe huku akikimbia bila kuinama. Nililinunua miaka sita iliyopita kando ya barabara ya kwenda Pangani, kwa kijana aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma, ambaye alikuwa ametundika malori mawili ya namna hii kuwa pambo la banda lake. Nilikuwa nakaribia kutimiza miaka hamsini. Kijana aliponiuliza kama namnunulia mjukuu, nilijibu ndiyo, na jibu lile lilikuwa la uongo. Lori lilikuwa langu. Tangu siku ile nimekusanya vingine, na leo nyumbani kwangu vipo vichezeo 37: malori na mabasi ya waya, pia za mti za kuzungusha, tiara, jahazi la karara la mnazi, wanasesere wa gunzi, na kopo moja la gololi.

Mke wangu aliniuliza kwa upole, na jirani yangu aliniuliza kwa kicheko: mtu mzima anatafuta nini katika kichezeo cha mtoto? Jirani hakungoja nijibu. Alinitupia methali ambayo sote tunaijua, kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, akaenda zake. Methali hiyo imenikaa kichwani miaka yote sita, na nimefikia kuamini kwamba jirani yangu aliisema vizuri lakini hakuisikiliza. Ndwele ni maradhi. Wahenga hawakusema yaliyopita ni takataka, wala hawakusema yasahauliwe. Walisema yaliyopita hayaumwi, hivyo hayahitaji mganga. Kumbe basi kuna kosa gani mtu akiyakaribisha nyumbani?

Huko Ulaya, hata hivyo, kulikuwa na daktari aliyesema kinyume kabisa. Mwaka 1688, katika mji wa Basel nchini Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu juu ya maradhi ambayo kwa maoni yake madaktari hawakuwa wameyapa jina. Alieleza habari za vijana walioondoka makwao wakadhoofika, wakakosa usingizi na hamu ya chakula, na mawazo yao yote yakawa kule walikotoka. Mmoja alikuwa kijana wa Bern aliyekwenda kusoma Basel. Alikuwa amefikia hali ya kukatiwa tamaa, lakini alianza kupata nafuu mara tu safari ya kumrudisha kwao ilipoanza. Hofer alichukua maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurejea nyumbani na moja la maumivu, akayaunganisha kuwa nostaljia. Neno hilo lilikaa katika vitabu vya tiba kwa muda mrefu. Hata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliandika maelfu ya askari kuwa ni wagonjwa wa nostaljia.

Sisi hatukuhitaji Kigiriki. Mtoto akipelekwa kukaa kwa shangazi yake, na siku ya tatu akaketi kizingitini, halii wala hachezi, shangazi humtazama akasema, "Amekumbuka kwao." Angalieni jinsi kitenzi hicho kilivyobeba mizigo miwili kwa pamoja. Mtu akiniambia, "Nimekukumbuka," hana maana kwamba alikuwa amenisahau. Ana maana kwamba nilipokuwa nakaa pamebaki wazi, naye anapaona. Katika lugha yetu kukumbuka na kutamani kuwa na mtu ni kitendo kimoja, na nadhani ndiyo maana shangazi hakumwita daktari. Alimwita mtoto jikoni, akampa nazi ya kukuna.

Watafiti wa siku hizi wanaelekea kukubaliana na shangazi. Tim Wildschut na Constantine Sedikides wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wao juu ya kumbukumbu za namna hii, na wameendelea nao hadi leo. Waliwaomba watu waandike tukio la zamani wanalolikumbuka kwa hamu. Iligunduliwa kwamba kumbukumbu hizo huja zaidi mtu anapokuwa na huzuni au upweke, kwamba katika simulizi nyingi mwenyewe hayuko peke yake bali yuko na watu wake wa karibu, na kwamba baada ya kukumbuka mtu hujiona anapendwa na ana thamani zaidi kuliko alivyojiona kabla. Kwa hiyo wanaokumbuka hawaumwi. Wana upweke kidogo, na wanajitibu kwa kitu kilicho karibu. Mimi nilipolinunua lori hili nilikuwa nimetimiza miezi mitano tangu nimzike mama yangu.

Naomba mniwie radhi nikae kidogo kwenye lori hili, maana ndilo lililonifundisha ninayoyasema. Marehemu kaka yangu alinizidi miaka mitatu, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa magari katika mtaa wetu pale Ngamiani. Akitaka kuunga nyaya mbili, aliuzungusha wa pili mara tatu juu ya wa kwanza, akaubana kwa koleo ya baba, ambayo mafundi huiita plaizi, kisha ile ncha iliyobaki aliikunja kwa ndani, ielekee tumboni mwa gari. Watoto wengine waliiacha ncha ikitazama nje, kwa sababu kuikunja ndani ni kazi: koleo haiingii vizuri, na waya wa seng'enge ni mgumu. Naye mwanzoni aliiacha nje. Siku moja ncha ikanichana kidole hiki cha shahada, damu ikatoka, mama akalichukua gari akaliweka juu ya kabati wiki nzima, na koleo akamrudishia baba. Gari liliposhushwa, kaka alikaa nalo uani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, akafungua kiungo kimoja baada ya kingine na kukunja kila ncha ndani. Hakusema kwamba anafanya hivyo kwa ajili yangu. Tangu hapo hakutengeneza tena gari lenye ncha iliyotazama nje.

Siku nilipolikuta lori hili kwenye banda la mahindi, kabla sijauliza bei nilipitisha kidole kwenye pembe zake zote. Ncha zilikuwa zimekunjwa ndani. Kijana yule hakumjua kaka yangu, maana kaka alifariki kabla kijana hajazaliwa. Nilimuuliza nani alimfundisha, akasema ni mjomba wake, na mjomba alifundishwa na wenzake. Sina ushahidi wowote kwamba mkono wa kaka ulifika hadi pale, na sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba kidole changu kilikumbuka kabla mimi sijakumbuka, na kwamba picha zote za kaka nilizonazo, ambazo ni mbili tu, hazijawahi kunifanyia kazi iliyofanywa na kile kipande cha waya.

Hapa ndipo naona jibu la swali letu lilipo. Kichezeo ni shahidi. Watu waliokuwepo tulipokuwa watoto wanapungua kila mwaka, na kila anayezikwa anaondoka na sehemu ya habari zetu ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Miaka yetu ya mwanzo kabisa, kiasi cha mitatu hivi, hatuikumbuki sisi wenyewe hata kidogo, nayo hukaa kwa mama, kwa bibi, kwa dada mkubwa. Wao wakishaondoka, nani atakayenithibitishia kwamba kulikuwa na mtoto aliyekuwa mimi? Kitu kilichoshikwa na mkono ule mdogo kinathibitisha. Hata kikiwa si kilekile, kikiwa cha aina ile, mkono unakitambua.

Daktari wa watoto wa Kiingereza, Donald Winnicott, alieleza mwaka 1951 jambo ambalo kila mzazi wa pwani amelishuhudia. Alisema mtoto mchanga anapoanza kutambua kwamba yeye na mama ni watu wawili, hujichagulia kitu kimoja, mara nyingi kitambaa au blanketi, akakishikilia hasa wakati wa kulala. Kitu hicho si mama, lakini pia si kitu tu. Kwetu kitu hicho ni kanga kuukuu ya mama. Nani hapa hajamwona mtoto anayekataa kulala mpaka apewe upindo wa kanga fulani, na akipewa nyingine iliyofuliwa anaitupa, kwa sababu haina harufu? Winnicott aliongeza kwamba kitu hicho huachwa polepole mtoto anapokua, bila kusahauliwa na bila kuliliwa. Kwa heshima zote, hapo pa mwisho nina shaka. Labda huko kwao vitu vilikaa katika sanduku la darini hadi mwenyewe akazoea kutokuwa navyo. Vichezeo vyetu havikungoja. Basi la waya lilikutwa limepondwa na gari la kweli. Mwanasesere wa gunzi aliingia jikoni pamoja na kuni. Kanga ya mama ilichanwa ikawa ya kushikia sufuria. Vilituondokea ghafla, tukaambiwa tusilie kwa jambo dogo, na hatukulia. Wengine wetu tumekuja kuvililia tukiwa na mvi.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mwanzo wa miaka ya themanini. Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, vilikuwa vimekwisha na vimetugharimu, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hazipatikani, na katani yetu, ambayo watu waliiita dhahabu ya kijani, imesukumwa sokoni na kamba za plastiki. Sabuni na sukari zilipangiwa foleni. Mwaka 1983 ukafanyika msako mkubwa wa walanguzi na wahujumu uchumi, na ni kuanzia 1984 ndipo masharti ya kuingiza bidhaa yalipoanza kulegezwa. Katika hali kama hiyo nani angeagiza gari la kuchezea kutoka nje? Kwa hiyo tulitengeneza. Tulitengeneza kila kilichopita barabarani, na kwa sababu hiyo magari yetu ya waya ni kumbukumbu ya historia kuliko tunavyodhani. Kaka alipelekwa Dar es Salaam mara moja, akayaona yale mabasi marefu ya Ikarus yenye kiungo cha mpira katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba. Aliporudi alilichora moja mchangani kwa kijiti, akatuonyesha jinsi linavyokata kona, na baada ya siku nne lilikuwepo la waya, kiungo chake kikiwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokunjwakunjwa na kufungwa kwa uzi wa katani. Watoto wa mtaa mzima ambao hawakuwahi kuivuka njia panda ya Segera walijua kumbakumba linavyopinda.

Na ile harufu! Kutoboa gurudumu la kandambili kulihitaji msumari uliopashwa moto kwenye mkaa hadi uwe mwekundu, ukashikwa kwa kitambaa na kupenyezwa katikati ya mpira, nao ukatoa moshi mweusi wenye harufu kali inayokaa nguoni siku nzima. Wataalamu wa ubongo wanaeleza kwamba milango mingine ya fahamu hupitia kwanza kituo kimoja cha katikati kabla ya kufika mbali, ilhali habari ya harufu inayo njia fupi kuelekea sehemu zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu haimbishii mtu hodi. Mwaka jana nilimsaidia mjukuu kutoboa gurudumu, na moshi ulipopanda nilisikia wazi kabisa mama akiniita niende dukani.

Wenzetu wa nchi zenye viwanda wanakusanya kwa namna nyingine, na inafaa tuijue ili tuone tunapofanana nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jijini London alikuwepo fundi aitwaye Jack Odell wa kampuni ya Lesney. Inasimuliwa kwamba shule ya binti yake iliruhusu watoto waje na kichezeo ikiwa tu kinaenea ndani ya kiberiti, naye akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara. Wenzake binti wakautaka. Kutokana na hapo, mwaka 1953, yakaanza kuuzwa magari madogo yenye jina la Matchbox, yaani kiberiti, kila moja likiwa katika kiboksi chake. Leo watu wazima huyanunua kwa bei kubwa, na ghali kuliko yote ni lile lililo bado na kiboksi chake na ambalo halijawahi kuchezewa na mtoto yeyote. Naheshimu subira ya watu hao, lakini sitaficha maoni yangu: gari ambalo halikuchezewa halina la kunishuhudia. Nalipenda zaidi lile lililobanduka rangi pale penye kidole gumba. Yanayonivutia kwao ni matofali ya Lego kutoka Denmark, kwa sababu tofali la muundo uliosajiliwa mwaka 1958 linashikamana hadi leo na lile lililotoka kiwandani juzi. Baba anaweza kufungua boksi lake la zamani akaketi sakafuni na mwanawe, na vipande vya miaka sitini vikashikana na vya leo. Huyo baba simwiti mkusanyaji wa vitu.

Kuna makumbusho moja Marekani, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, iitwayo The Strong. Mwanzo wake ni mwanamke mmoja, Margaret Woodbury Strong, aliyekusanya wanasesere na vitu vya nyumbani kwa maelfu hadi alipofariki mwaka 1969. Huko wana jumba la heshima la vichezeo, lililoanzishwa 1998, na humo wamevitunukia heshima vichezeo vyenye majina makubwa ya viwanda. Lakini mwaka 2005 waliingiza boksi tupu la karatasi, mwaka 2008 wakaingiza fimbo, na mwaka 2021 wakaingiza mchanga. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyepata barua kutoka kwa ndugu asiyemjua. Boksi, fimbo na mchanga! Hivyo vyote tulikuwa navyo Sahare, bila tiketi, kuanzia maji yanapotoka hadi yanapojaa.

Na tulikuwa na kitu ambacho Rochester hawana. Mkonge, ule mmea wa katani, huchanua mara moja tu katika maisha yake, halafu hufa. Ukifika wakati wake hutoa katikati mlingoti mrefu wa mita kadhaa, na juu ya mlingoti huota vichipukizi vinavyodondoka na kuwa mikonge mipya. Mlingoti huo ukikauka huwa mwepesi ajabu na laini, kisu cha jikoni kinaukata kama muhogo. Sisi tulichonga humo mitumbwi na jahazi. Ulikata kipande cha urefu wa shibiri mbili, ukachimba tumbo lake, ukachomeka kijiti cha kuwa mlingoti wa tanga, na tanga lenyewe likawa mfuko wa nailoni au jani la mkungu. Upande mmoja uliweka mbawa wa kuzuia lisipinduke, kama ule wa ngalawa, kwa vijiti vya makuti. Upepo wa kusi ukivuma, jahazi zilikwenda peke yake, sisi tukizifuata ndani ya maji hadi shingoni, na ile iliyotushinda tuliitazama ikielekea kisiwa cha Toten mpaka tusiione. Mkonge wenyewe uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapita hapahapa Tanga, na inaandikwa kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa ilibaki 62 tu iliyopona. Watu wameandika mengi juu ya faida na mateso ya mashamba yaliyotokana na miche ile, na ni haki yaandikwe. Nami naongeza kwamba watoto wa vibarua walichukua ule mti ambao shamba halikuuhitaji tena, wakaufanya wa kwao.

Jahazi la mlingoti wa mkonge hudumu msimu mmoja. Likikaa majini linalowa, likikaa juani linapasuka. Kwa hiyo ndugu zangu, mtu wa Tanga akitaka kukusanya vichezeo vya utotoni mwake hawezi kwenda mnadani akakuta chake kimengoja. Hakuna kilichongoja. Kati ya vile 37 nilivyonavyo, ni vinne tu ambavyo nina hakika vina umri wa zaidi ya miaka ishirini, na vyote vinne ni vya chuma au kioo. Vilivyobaki vimetengenezwa upya, vingine na mimi, vingine na wazee niliowapelekea waya na koleo nikawaomba. Mzee mmoja alisema amesahau kabisa. Nilipomwachia waya mkononi na kuanza kuzungumza naye mambo ya mvua, vidole vyake vilianza vyenyewe, na nilipokuwa nikimaliza chai alikuwa amefikia kioo cha mbele.

Wapo pia wanaotafuta ambacho hawakukipata. Mwalimu mwenzangu mmoja, alipokuwa na miaka hamsini na miwili, alinunua katika mtumba wa Mgandini mwanasesere wa plastiki anayefumba macho akilazwa. Alikuwa amemtamani tangu alipomwona dirishani mwa nyumba moja ya Raskazone akiwa darasa la tatu. Alimnunua, akamwogesha, akamshonea gauni. Wala hakumwonea haya mtu. Baada ya wiki chache aliniambia amefurahi kumpata, lakini usiku uliopita ameota yule wa gunzi aliyekuwa naye yeye mwenyewe, mwenye nywele za katani zilizosukwa na marehemu bibi yake mikia miwili. Akanunua muhindi, akaupukuchua, akatafuta singa za katani, akamfunga kwa kipande cha kanga. Sasa wako wawili juu ya kabati lake, na aliponiuliza ni yupi nimchukue nimwonyeshe leo, sikuhitaji kufikiri. Ndiye huyu hapa, karibu na lori.

Wala kina mama wasiambiwe kwamba kutunza kitu cha namna hii ni desturi ya kuigwa. Kwa Wazaramo na Wakwere, huko upande wa Bagamoyo, mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili bila mikono, akamtunza kama mtoto, na kinyago hicho kikapokezwa katika ukoo kwa wanawali wengine. Hakikuwa kichezeo, nami sikiiti hivyo. Nasema tu kwamba watu wazima wa pwani hii walijua zamani kwamba umbo dogo la mti linaweza kumbeba mtu kutoka hatua moja ya maisha kwenda nyingine, na walilihifadhi ipasavyo. Leo vinyago hivyo vinaonekana katika makumbusho za Ulaya na katika mikusanyo ya matajiri. Mabasi yetu ya waya nayo yameanza kununuliwa na wageni, na wanayanunua kwa sababu ni mazuri. Tungekuwa tumeyatazama sisi kwanza ingekuwa vyema zaidi.

Nimeulizwa kama sasa nataka ijengwe makumbusho. Ikijengwa nitashukuru, na lori hili nitalitoa. Lakini makumbusho itahifadhi waya, na haja yangu kubwa ni ule mzunguko wa mara tatu na ile ncha inayokunjwa ndani, ambavyo haviwezi kukaa kwenye kabati la kioo. Vinakaa kwenye vidole vya watu, na vidole vinavyovijua vimebaki vichache. Kati ya watoto wanne wa mtaa wetu waliokaa uani siku ile kaka alipofungua viungo vyote, nimebaki mimi na mwingine mmoja anayeishi Muheza.

Kwa hiyo nimekuja na mfuko. Ndani yake kuna waya wa seng'enge uliokwisha nyooshwa, kandambili kuukuu jozi tano, tyubu moja ya baiskeli, na koleo tatu. Jiko la mkaa liko uani na misumari imo motoni tayari. Wanangu mlioko kwenye mkeka, Mwenyekiti akiridhia tutakwenda nje, na wazee watakaoweza watuongoze, kila mzee na watoto wawili. Aina ya gari chagueni wenyewe, liwe bajaji, liwe daladala, liwe lori la mafuta. Mimi nitapita kwa kila kundi na nitapitisha kidole changu kwenye kila kiungo, kwa hiyo nawaomba mapema: zungusheni mara tatu, na ncha ikunjwe ndani.

Asanteni kwa kunisikiliza.